Nilivyotengeneza kingamwili ndani ya bakteria, hapa hapa Unguja

Watu wakisikia kingamwili, protini ya mwili inayokamata vijidudu, imetengenezwa maabara, hufikiria matangi makubwa ya viwanda vya dawa. Mimi sikuhitaji tangi. Nilianza kujiuliza nataka kingamwili ifanye nini, ndipo nikachagua kiumbe cha kunitengenezea.

Kingamwili kamili, IgG, ina minyororo minne, miwili mizito na miwili myepesi, iliyofungwa kwa madaraja ya salfa, na kwenye shina lake hubandikwa sukari. Sukari hiyo husaidia kuziita seli za ulinzi wa mwili, ndiyo maana dawa kama rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hutengenezwa kwenye seli za CHO, zilizotokana na ovari ya hamsta. Seli hizo zinataka kaboni dioksidi, chakula ghali na usafi usiolegea. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi unamwaga. Hamira ya Pichia nayo hubandika sukari, ila si kama zetu. Hata mimea inaweza: ZMapp, waliyopewa baadhi ya wagonjwa wa Ebola mwaka 2014, ilitoka kwenye majani ya jamii ya tumbaku.

Lakini mimi nilitaka kukamata tu, si kutibu, na kinachokamata ni ncha. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walitangaza kwamba ngamia ana kingamwili zisizo na minyororo myepesi. Ncha yake moja hushika peke yake, ina uzito wa kama kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 15 badala ya 150 za kingamwili kamili, na haihitaji sukari. Bakteria E. coli anaiweza. Nikachagua ncha inayoshika GFP, protini ya kijani ya yavuyavu, kwa sababu ushahidi wake unaonekana kwa macho.

Kazi ilikuwa kwenye daraja la salfa. Katikati ya seli ya bakteria halijifungi vizuri, kwa hiyo jeni ilitanguliziwa pelB, kipande kinachoipeleka protini kwenye uwazi ulio baina ya tando mbili. Huko hujifunga. Likaja suala la joto. Baada ya kutia IPTG, kemikali inayoiwasha jeni, nilitaka nyuzi 25 usiku mzima, na mashine yetu ya kutikisia inajua kupasha, haijui kupoza. Joto likizidi, bakteria hutoa protini haraka kuliko inavyoweza kujikunja, ikaganda. Nikaiacha kaskazi ipite, nikafanya kazi wakati wa kipupwe, chumba chenye kiyoyozi.

Barafu nilinunua Malindi, ile ile ya kuhifadhia samaki, nikaiponda ndooni na chupa nikazifunga barabara. Seli zilikaa kwanza kwenye maji ya sukari asilimia 20 yenye EDTA, kemikali inayonyakua metali, kisha nikazihamishia ghafla kwenye maji baridi yenye magnesi. Utando wa nje hupasuka, ncha zikatoka, na uchafu mwingi hubaki ndani. Hapa ningemwomba kila anayejaribu awe makini: EDTA hung'oa nikeli kwenye ushanga ninaotumia kunasia ncha kwa mkia wake wa histidini. Ushanga wa nikeli ni wa buluu. Ukiuona unapauka, mkia wa histidini hauna tena pa kushika. Kwa hiyo nilipitisha kwenye ushanga yale maji ya magnesi peke yake.

Mirija ikawa miwili, mmoja wenye ncha na mwingine ushanga mtupu. Nikamimina kote GFP isiyo na mkia, bado imechanganyika na protini nyingine za bakteria, nikaosha mpaka maji yakatoka meupe. Tukazima taa, nikawasha tochi ya kukagulia noti. "Mwalimu, imeshika!" akasema mwanafunzi wangu. Mrija wa kwanza uling'aa kijani, wa pili haukuwa na kitu.

Sasa nautazama mkojo. Kichocho bado kipo Unguja na Pemba, na mayai yakiwa machache hadubini huyakosa. Ncha ya kushika antijeni ya kichocho, yaani alama anayoiacha mdudu wake, nayo haihitaji sukari, kwa hiyo nitaanza na bakteria hawa hawa, na kipupwe kijacho mashine ya kutikisia itakuwa chumba kile kile.