Asubuhi umeme uliporudi

Umeme ulikatika usiku wa manane, ukarudi kabla ya adhana ya alfajiri. Saa 1:30 asubuhi simu yangu ikaita. Alikuwa nesi wa mapokezi, katika zahanati moja ya Tanga niliyoiwekea programu ya kusajili wagonjwa mwaka 2017. "Kaka, kompyuta nimeiwasha lakini mfumo haufunguki. Watu wamejaa." Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia.

Nikachukua bodaboda. Seva yenyewe, mashine inayobeba mfumo, ilikuwa kompyuta ya kawaida yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 16.04. PostgreSQL, kanzidata inayotunza taarifa za wagonjwa, ilikuwa imeamka. Programu yangu, kimya. Nikaandika amri ya kuiwasha, systemctl start, ikainuka papo hapo, foleni ikaanza kusogea. Mama aliyempakata yule mtoto alikuwa pale tangu saa 12. "Asante mwanangu," akaniambia, na ikanichoma, maana aliyemchelewesha ni mimi.

Siku ya kukabidhi kazi niliiwasha kwa start, nikaona inakwenda, nikaaga. Start huiwasha kwa wakati ule tu. Amri ya enable ndiyo inayoiandikisha iamke kila kompyuta inapowaka. Na sikuwa nimeizima ile seva na kuiwasha upya hata mara moja.

Mchana wagonjwa walipopungua nikaweka enable, nikazima, nikawasha. Programu ikafa tena! Journalctl, amri ya kusoma matukio ya mfumo, ikanionyesha: iliamka mapema mno, ikaita kanzidata, haikuitikiwa, ikajifunga. Kwenye faili lake la mipangilio ndani ya /etc/systemd/system nikaongeza After=postgresql.service ili isubiri zamu yake, kisha Restart=on-failure na RestartSec=5, yaani ikianguka iwashwe upya baada ya sekunde 5. Hizo sekunde 5 usizidharau. Bila hizo, systemd, msimamizi wa huduma ndani ya Ubuntu, huiwasha upya haraka haraka, na ikishafika mara 5 ndani ya sekunde 10, huiacha ilale.

Safari hii ikainuka. Nikanakili kumbukumbu zote kwenye flashi, nikamwomba nesi achomoe waya ukutani, kama umeme unavyokatika kweli. Akasita, akachomoa, akachomeka. Kompyuta haikuwaka kabisa. Kumbe asubuhi ile kitufe alikibonyeza yeye. Nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiagiza iwake yenyewe umeme ukirudi.

Akachomoa tena, akachomeka. Feni ikavuma. Tukasimama wawili, mikono mbali na kibodi, hadi ukurasa wa usajili ulipofunguka. Nesi akavuta kiti, akaandika jina la mgonjwa wa kwanza wa jioni.