Nilienda kuona barafu Norwei, nikarudi na habari za samaki

Mwangaluka wapendwa. Najua hii posti niliahidi tangu Machi na wengine mmenidai mpaka WhatsApp, mnisamehe, kuna jambo nilikuwa nasubiri liishe nyumbani kwanza ndo niandike, mtalikuta huko chini.

Kwa wasiojua, dada yangu mkubwa ni nesi, anaishi Bergen, Norwei, mwaka wa tisa sasa. Mwaka huu katimiza miaka 50, akasema sherehe hataki, anataka mimi na yeye tupande meli twende kaskazini mpaka mwisho, tena Februari, katikati ya baridi yenyewe. Mimi mtoto wa Igombe, Mwanza, baridi niliyokuwa naijua ni ile ya mwezi wa saba alfajiri kwenye daladala ambayo dirisha halifungi. Mama tulipomwambia hakuuliza habari za ndege wala za baridi, aliuliza kitu kimoja tu, "Hao watu wa huko samaki wanawakaushaje na jua hawana?" Mama anaanika dagaa mchangani Igombe tangu mimi sijazaliwa, kwa hiyo kwake hilo ndo swali la kwanza kuhusu nchi yoyote. Nikamwambia mama nitakuletea jibu.

Basi Mwanza, Dar, Doha, Oslo, Bergen, nimefika miguu imevimba, dada kanipokea na koti zito kama godoro. Kesho yake jioni tukapanda meli. Hii safari ina historia yake, ilianza Julai 1893, nahodha mmoja anaitwa Richard With alitoka Trondheim na meli ya mvuke inaitwa Vesteraalen akaenda hadi Hammerfest, kwa sababu enzi hizo kipindi cha baridi barua ya kwenda kaskazini ilikuwa inachukua miezi. Leo meli zinatoka Bergen mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi na kurudi, bandari 34, na zinabeba watalii ndio lakini pia mizigo na watu wa vijijini wanaoenda hospitali au kutembelea ndugu. Usiku wa manane unasikia mlango wa mizigo unafunguliwa, mashine ya kupakulia inalia, unachungulia dirishani unaona kijiji chenye taa kama ishirini hivi, wanashusha maboksi, dakika kumi na tano meli imeondoka. Nililala vizuri sana na zile kelele, maana ni kama meli yetu ya Bukoba inavyoingia Mwanza alfajiri na mikungu ya ndizi, watu wanaitana, mizigo inaburutwa.

Kabla ya kuondoka kila abiria anaelekezwa laifu jaketi inavaliwaje na akimbilie wapi ikitokea hatari, hata awe kasafiri mara ngapi. Wazungu wengine walikuwa wanapiga stori. Mimi na dada tulisikiliza neno kwa neno, mtu wa Mwanza mwenye kumbukumbu ya kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, na MV Nyerere Septemba 2018 kule Ukara, hawezi kusikiliza maelekezo ya namna hiyo huku anachezea simu.

Fjord ni nini? Ni bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu katikati ya milima, kama ghuba yetu ya Mwanza lakini kuta zake ni milima inayosimama wima kutoka majini. Barafu nene za zamani ndo zilichimba hayo mabonde, zilipoyeyuka bahari ikaingia. Usiku wa kwanza tulipita mdomo wa Sognefjord, ndo ndefu kuliko zote kule, inaingia ndani kilomita zaidi ya 200 na kina chake kinafika mita 1,303. Sasa kumbuka Ziwa Victoria letu lote hili na ukubwa wake, panapoitwa kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo. Nilimwambia dada hapa ukidondosha simu usiulize.

Siku ya pili usiku kuna kipande kinaitwa Hustadvika, meli inatoka nje ya visiwa inakutana na bahari wazi. Nilikuwa najiona mtoto wa ziwa. Mawimbi yetu ni mafupi yanapiga haraka haraka, yale ya kule yanakuinua pole pole, yanakaa na wewe juu, halafu yanakushusha, chakula cha jioni chote kilirudi. Tuishie hapo kwa Hustadvika.

Siku ya nne asubuhi tukavuka mstari wa Aktiki, nyuzi 66 na dakika 33 kaskazini. Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Vikingen kina mnara wa chuma umetengenezwa kama tufe la dunia, meli inapiga honi, watu wote juu. Halafu wanakumwagia maji ya barafu shingoni kwa upawa, ndo ubatizo wao. Dada alipiga ukelele wa Kisukuma ambao nadhani ule mnara haujawahi kuusikia tangu ujengwe.

Sasa twende Lofoten maana ndo nilipotaka kuwafikisha. Ni safu ya visiwa, ukivuka Vestfjorden jioni unaiona mbele kama ukuta wa meno meupe. Meli inafika Svolvær saa tatu usiku na inakaa muda mfupi, kwa hiyo tulishuka tukalala pale siku mbili, tukaja kupanda meli nyingine ya ratiba hiyo hiyo.

Asubuhi nimetoka nje ya nyumba tuliyopanga, nikakutana na chanja. Watu wangu, CHANJA. Mbao nyembamba zimepangwa juu, ndefu kuliko nyumba, safu kwa safu, na samaki wananing'inia wawili wawili wamefungwa mikia kwa kamba, vichwa vimekatwa vinaning'inizwa peke yake sehemu nyingine. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi ndani ya glovu. Nikamgusa mmoja, ngozi ilikuwa kama mkanda wa ngozi uliolowa, kwa nje imeanza kukaza, ukibonyeza ndani bado laini. Harufu yake ni ya samaki safi na baridi, haikuwa kali hata kidogo. Juu yake walikuwa wametanda nyavu za kuzuia ndege.

Huyo samaki wenyewe wanamuita skrei, ni chewa anayeishi bahari ya Barents huko juu kabisa, kila mwaka Januari mpaka Aprili anashuka kuja kutaga Lofoten, na wao wanamsubiri pale pale mlangoni. Akikaushwa anaitwa tørrfisk. Chumvi hawaweki hata punje. Anakaa nje kuanzia Februari mpaka Mei, halafu anaingizwa ghalani miezi mingine miwili mitatu, akitoka huko maji karibu yote yameisha, mgumu kama kuni. Na biashara hii ni ya zamani sana, zile nyumba za mbao za Bryggen kule Bergen ambazo kila mtalii anapiga nazo picha zilitajirika kwa kuuza huyu huyu samaki mkavu miaka mamia iliyopita.

Nikampigia mama video pale pale. Nikageuza kamera akaona zile chanja akakaa kimya kwanza. Nikamweleza mama siyo jua, ni upepo, kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unatoka Atlantiki unapita pwani hii, ndo maana bahari haigandi na hewa ya Lofoten inachezea kwenye sifuri, ikishuka sana nyama inaganda na kupasuka, ikipanda nzi wanakuja, hapa katikati ndo samaki anakauka.

"Nzi hamna kabisa?"

"Hamna mama."

"Na mchanga?"

"Mchanga unatokea wapi mama, wako juu."

Akasema, "Haya." Mama akisema haya namna ile ujue kuna kitu kimeingia.

Mzee mmoja mwenye ghala alituruhusu kuingia kuona samaki wa msimu uliopita. Huyu mzee anamshika samaki, anamgeuza kwenye mwanga, anabonyeza mgongoni, halafu anaweka pua shingoni pale kichwa kilipokatwa, anavuta pumzi, anamrusha kwenye fungu lake. Wanawapanga kwa madaraja, karibu ishirini. Bora kabisa wanaenda Italia. Nikauliza, na vile vichwa? Akasema Nigeria, wanapikia supu, wanavipenda sana. Nilitabasamu lakini moyoni pakagusa kidogo. Sisi Mwanza tunaijua hiyo hesabu, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki Kirumba yanakaangwa. Simlaumu yule mzee, vichwa vile vilikuwa vimekaushwa kwa uangalifu ule ule wa samaki mzima, vimefungwa vizuri, havina vumbi, vinauzwa kama chakula cha mtu, na hilo ndo nililokaa nalo. Kwetu mapanki nimeyaona yamemwagwa chini barabarani.

Nikamsimulia mzee jinsi mama anavyojua dagaa, anachukua watatu anawavunja kiganjani, anasikiliza, ananusa, anajua wameanikwa lini na kama walinyeshewa. Dada akatafsiri. Mzee akacheka akampa dada samaki mmoja mzima, akasema mpelekeeni huyo mama, ni mwenzangu.

Tromsø nitapita haraka. Mji mzuri, barabarani ni barafu tupu, watu wanavaa mpira wenye misumari chini ya kiatu, nunua siku hiyo hiyo ukifika. Mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa pale, sisi tulikuta limesharudi. Nilipomwambia mama habari ya hilo giza akasema basi wavuvi wa dagaa wangetajirika huko, maana si mnajua, mwezi ukiwa mkubwa karabai, zile taa za kuvutia dagaa, hazina kazi, mitumbwi inalala, giza ndo pesa. Na usiku baada ya Tromsø spika ya kabini ikaita, taa za kaskazini zimetokea. Tukatoka na koti juu ya nguo za kulala. Ni chembe kutoka kwenye jua zinagonga hewa huko juu kilomita mia na zaidi, oksijeni ndo inatoa ile kijani. Kwa macho, ilianza kama moshi wa kijivu, halafu ukawa kijani, ukajikunja, ukakimbia juu ya mlima mzima bila sauti hata kidogo. Nilikuwa nasubiri sauti. Dada alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, baba angekuwepo." Tukalia pale, machozi yana baridi.

Kirkenes ndo mwisho, siku ile nyuzi 15 chini ya sifuri, ghuba ya pembeni imeganda unatembea juu yake. Kule tulienda kuona kaa mfalme, wanatoboa tundu kwenye barafu wanavuta mtego, anatoka mdudu ambaye miguu yake ukiinyoosha inaweza kupita mita moja na nusu. Nyama tamu mno, bei kali mno. Lakini sikilizeni hii. Huyo kaa siyo wa pale! Wanasayansi wa Kisovieti walimchukua bahari ya Pasifiki miaka ya 1960 wakamweka upande wa Murmansk, akatembea mwenyewe chini ya bahari mpaka Norwei, anakula kila kitu sakafuni. Nikamwambia dada, huyu ni sangara! Sangara naye aliletwa ziwani kwetu miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakaliwa mpaka aina mamia zikapotea, halafu huyo huyo akawa ndo viwanda, ndo ajira, ndo nyumba za watu Mwanza. Wanorwei wamefanya hivi, upande wa mashariki wa rasi ya Nordkapp kaa anavuliwa kwa kiwango maalum ili biashara iendelee, upande wa magharibi ruhusa kumvua bila kikomo ili asisambae. Mstari umechorwa, kila mvuvi anaujua. Furu hatarudi, lakini dagaa bado yupo, na ndo maana nina hamu sana na hili la kumtunza vizuri anapotoka majini.

Sasa lile jambo la nyumbani. Nimerudi, mama kampokea yule samaki kwa mikono miwili, kamgonga mezani ko ko ko, kacheka. Akanusa pale pale shingoni alipokuwa ananusa mzee, na sikuwa nimemwonyesha. Tukamloweka wiki nzima tunabadilisha maji, akavimba, mama akampika na nyanya na kitunguu, majirani wote wakaonja. Mkia ameubakiza, umechomekwa kwenye dari jikoni.

Halafu akatoa daftari. Alikuwa ameshachora. Chanja za Igombe watu wamekuwa wakihubiriwa miaka na miaka na wengine wanazo, ila mama alikuwa mbishi, yeye na mchanga, mchanga na yeye, akisema chanja ni mambo ya semina. Tukanunua mbao, nyavu, na turubai la kufunika, kaka na vijana wawili wakajenga chanja nne kwa siku tatu, kimo cha kiuno cha mama kabisa, alipimwa kama nguo. Giza la Machi likaja na masika juu yake, na mnajua masika dagaa wa mchangani wanaishia chakula cha kuku. Mvua ikapiga Jumatano saa nane mchana, mama akakimbia na turubai na wajukuu wawili, wakafunika, ikapita, wakafunua.

Jioni akanipigia yeye mwenyewe video, akageuza kamera kama nilivyomfanyia mimi Svolvær. Dagaa weupe, wanang'aa, mchanga hamna. Akachukua watatu akawavunja karibu na simu ili nisikie.