Mitungi miwili inayotoka jasho

Mbeya, Jumapili usiku

Leo tanuri langu la gesi la kuchomea vyungu limefika kwenye joto nililokuwa nalitafuta. Saa kumi na moja na nusu jioni nilichungulia kwenye tundu la mlango, nikaona ile pembe ya kupimia joto, kijipembe cha udongo kinacholainika joto likifika kiwango chake, imeinama mpaka ncha yake imegusa rafu. Maana yake ndani ni kama nyuzi 1,260. Nilikaa pale pale juu ya tofali, machozi yakanitoka. Tangu Mei tanuri hili lilikuwa linakwama kwenye 1,080. Michomo minne. Kila mara gleizi, ule mpako unaopaswa kuyeyuka kama kioo juu ya chombo, inatoka imepauka kama chokaa, na mimi nalaumu udongo, nalaumu gleizi, nalaumu dohani.

Naandika usiku huu huu kwa sababu najua kuna mfinyanzi mwingine mahali anahangaika na jambo hili.

Tanuri langu si kubwa: ndani ni sentimita 60 kwa 60, kimo 70, tofali nyepesi za kuzuia joto, na vichomeo viwili chini, kila kimoja upande wake. Kichomeo chenyewe ni kitu chepesi kukielewa. Gesi inachomoka kwenye tundu la nozeli, dogo kuliko punje ya mtama, na kasi yake ndiyo inayovuta hewa iingie nayo bombani. Vikichanganyika vizuri, moto unatoka wa bluu na unaunguruma. Hakuna feni wala umeme, na mimi gesi niliichagua hasa kwa hilo.

Nilianza na regyuleta ya jikoni, kile kifaa cha kudhibiti presha ya gesi. Hiyo haifai, presha yake ni ya kupikia wali. Nikanunua ya presha kubwa yenye geji, saa ya kuonyesha presha, moto ukawa mzuri kwa saa nne, halafu sindano ikaanza kushuka yenyewe. Naongeza, inapanda kidogo, inashuka tena. Mngurumo unafifia na joto linagoma.

Fundi mmoja akaniambia matundu ya nozeli ni madogo, akayapanua kwa drili. Nilimwamini, kwa sababu maneno yake yalikuwa na mantiki: moto hautoshi, basi ongeza gesi. Mchomo uliofuata moto ulikuwa wa njano tangu mwanzo, masizi yakapanda mpaka mlangoni. Mchana presha iliposhuka nikasikia "puh!", na moto ukarudi nyuma, ukawa unawakia ndani ya bomba la kichomeo chenyewe. Gesi ilikuwa inatoka polepole mno, moto ukaishinda mbio. Nilifunga koki huku mikono inatetemeka.

Ni siku hiyo, nikiwa bado nahema, nilipoushika mtungi wa gesi. Ulikuwa wa kilo 15. Juu ulikuwa mkavu. Kuanzia katikati kushuka chini ulikuwa umelowa chepechepe, mstari umenyooka kana kwamba umepigwa rula, na karibu na kitako kulikuwa na barafu nyembamba nyeupe. Nilipoikwangua kwa ukucha ikanibaki kidoleni.

Nikamkumbuka bibi. Bibi yangu alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, ambako wanawake hufinyanga vyungu na kuvipeleka Matema kwa mtumbwi. Alikuwa akipitisha kiganja kwenye mtungi wa maji na kusema, "Huu unatoka jasho, utapoza." Maji hupenya kwenye ule udongo, yakifika nje yanageuka mvuke, na yakiondoka yanabeba joto la yale yaliyobaki ndani.

Mtungi wa gesi unafanya kazi hiyohiyo. Ndani gesi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke lazima inyonye joto. Nikichota kwa pupa, kimiminika kinapoa, na kikipoa presha inaanguka. Ule unyevu wa nje unatoka kwenye hewa inayouzunguka, lakini unaonyesha usawa wa kimiminika na namna kilivyoishiwa joto. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kuchemka ikikaribia sifuri. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya imeshaanza safari ya kwenda huko. Nozeli zilikuwa hazina kosa lolote. Kuzipanua kulizidi kuupoza mtungi.

Kwa hiyo nimerudisha nozeli za ukubwa wa zamani, nikaunganisha mitungi mitatu ya kilo 38 kwenye bomba moja. Kila mmoja sasa unatoa theluthi tu ya mzigo. Inasimama wima, maana ukiulaza kinatoka kimiminika badala ya gesi. Miguu yake iko kwenye karai la maji ya vuguvugu. Moto wa kupashia usiusogeze hapo hata kwa dakika moja, nakuomba.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kujikusanya kama maji, ndiyo maana mitungi yangu iko nje na ukuta wa banda nimeuacha wazi kwa chini. Kila kiungo nakipaka povu la sabuni kabla ya kuwasha. Na kila kichomeo nimekifungia vali ya usalama: ncha yake inakaa motoni, joto linazalisha umeme kidogo unaoishikilia iwe wazi, moto ukizimika inajifunga. Ilinigharimu kuliko vichomeo vyenyewe na sijutii hata shilingi.

Leo saa kumi nilipita nikaweka kiganja kwenye mitungi yote mitatu. Umande tu, hakuna barafu. Geji ilikuwa haijatikisika tangu mchana.

Mtungi wa maji lakini sitauchoma humu. Kwenye nyuzi 1,260 udongo unafunga vitundu vyake, jasho halitoki tena. Hiyo ataendelea kuichoma shangazi kule Ikombe, nje, kwa kuni.

Nimeshaziba matundu yote kwa udongo. Nitafungua Jumanne asubuhi, likishapoa kabisa.