Visiwa vya mama

Mama kapimwa sukari ya damu leo hapa Amu: 14.2 mmol/L, iko juu sana, na hajatia kitu mdomoni tangu jana. (Halwa ya harusi anaapa kala kipande kimoja. Mimi nilihesabu vitatu.) Daktari akatuchorea kongosho nyuma ya kadi, lina vidoadoa: visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli.

"Huko hufikwa kwa dau?" mama akauliza. Daktari akashindwa kujizuia.

Kumbe seli beta za humo huivunja glukosi zenyewe kwanza. Nguvu inayopatikana hufunga milango ya potasiamu, kalsiamu ikaingia, ndipo insulini, homoni ya kushusha sukari, ikamwagwa. Zinaonja kwanza, kama mpishi wa pilau. Za mama zimechoka kuonja.

Kadi nimeibandika kwenye friji. Halwa iliyobaki imehamia kwa shangazi.