Chokaa Begani

Mjukuu wangu alikuwa akitafuta mpira nyuma ya kabati, akaibuka na bahasha kubwa ya kaki. Akachomoa picha ya eksirei, akainyanyua dirishani. "Bibi, hiki cheupe ni nini?"

Ni kiwingu, sentimita moja hivi, juu ya kichwa cha mfupa wa mkono. Nikamwambia ni chokaa, bibi aliumwa zamani. Akaenda zake na mpira, mimi nikabaki nimeishika ile picha.

Wakati ule bado nafundisha darasa la nne, na mkono wa kulia haufiki juu ya ubao. Usiku ndiyo balaa: nikilalia upande ule naamka machozi yananitoka. Kuchana nywele nasaidiwa na binti yangu. Ofisini walimu wenzangu wakasema ni vumbi la chaki la miaka yote. Jirani yangu wa mtaa wa Igogo, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, akanionea huruma: "Mwalimu, acha kwanza dagaa, wale ni mifupa mitupu, ndiyo inayokuganda." Nikaacha. Mtu wa Mwanza kuacha dagaa si jambo dogo.

Daktari akanieleza kwamba chokaa ile, yaani kalsiamu, hujijenga ndani ya kano, kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa, haitokani na chakula wala chaki, na huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 60, hasa wanawake. Dawa na mazoezi vilipokwama, akanipeleka kwenye mashine ya mawimbi ya mshtuko. Teknolojia hiyo ilianzia Ujerumani mwaka 1980 kwa kuvunja mawe ya figo, baadaye ikahamia mabegani.

Kijana wa fiziotherapia alinipaka jeli ya baridi, akapapasa kwa kidole gumba.

"Hapa, mama?"

"Mbele kidogo."

"Hapa?"

Nilishindwa kujibu, nikafumba macho. Akapatia alama kwa kalamu, akawasha. Ta-ta-ta-ta, kama fundi anagonga bati, na kila pigo linatua palepale maumivu ya usiku yanapokaa. Dirishani kivuko cha Kamanga kilikuwa kinang'oa nanga; nikakikazia macho. "Kati ya sifuri na kumi, mama?" Nikasema saba. Akapunguza nguvu, kisha akaipandisha polepole. Mapigo elfu mbili kwa kikao kimoja. Nililia, na si kwa uchungu peke yake. Mkono wangu haukuwa na kidonda wala bandeji. Shuleni kuna waliosema nakwepa vipindi. Huyu kijana alikuwa wa kwanza kuweka kidole pale pale na kuamini.

Usiku ule bega liliuma kuliko kawaida, ngozi ikavilia damu. Nikarudi kila wiki hadi vikao vikaisha. Miezi ikapita, siku moja nikajikuta nimeandika tarehe juu kabisa ya ubao. Picha ya pili haikuwa na kiwingu.

Nilipomshukuru daktari, akaniambia kwa uaminifu kwamba chokaa ya namna ile mara nyingi huyeyuka yenyewe, mwili ukaifyonza, kwa hiyo hawezi kuapa kama ni mashine au ni muda. Nami siwezi. Kina mama wa jumuiya wakiniuliza kama mashine ile inaponya, nawaambia mimi nilipona, ila waanze kwa kupiga picha, na dagaa wasiache.