Kwasa kwasa ndani ya M79

"Hii huwezi kuielewa, ni roki." Ndivyo alivyoniambia mjukuu wa bibi ninayemtunza huku Upper East Side, New York, nilipomuuliza ni akina nani wanaopiga. Nikanyamaza, kazi ya watu. Lakini jamani, solo lile! Mtu nimekulia Magomeni, magitaa ya Kongo ya Maquis na Kanda Bongo Man masikioni, leo niambiwe sielewi gitaa jembamba, safi, lisilokwaruza?

Bendi ni Vampire Weekend, vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia. Albamu yao ya kwanza, yenye jina la bendi yenyewe, ilitoka Januari 2008 chini ya XL, kampuni huru ya muziki ya London. Mpiga kinanda wao wa wakati huo, Rostam Batmanglij, mwenye asili ya Iran, ndiye aliyesimamia kurekodi. Nyimbo 11, dakika 34 tu, na humo wametia ngoma za panki, violini, na magitaa ya Soweto na Kongo.

Upo wimbo "Cape Cod Kwassa Kwassa": Cape Cod ni ufukwe wa mapumziko wa Marekani, kwasa kwasa ni dansi ya Kongo. Angalau hawakuficha walikochota. Ila wameupiga kivivu, kama watu walio likizo ufukweni. Unangoja chemko, pale gitaa linapokolea watu wacheze, unangoja, mara umeisha. Dakika tatu na ushee! Kwetu hapo mpiga solo ndiyo kwanza anakaza nyuzi. Wakosoaji walibishana sana kama wana haki ya kupiga muziki wa Kiafrika. Wapige, mbona Franco, mkongwe wa gitaa la Kongo, naye alisikiliza rumba ya Kuba. Kinachoniuma ni shabiki anayeyajua majina yote manne ya bendi na la Franco hajawahi kulisikia.

Nikausikia "M79", hasira ikapungua. Ni basi langu hilo, linalokatiza Central Park kunipeleka kazini kwa nauli ya karibu dola tatu (ya daladala mnaijua, sisemi). Violini na kinanda cha kale vinaingia kwa madaha, kama harusi ya wakubwa, halafu ngoma chini inarukaruka kihuni. Mji huu uko hivyohivyo.

Mnaojipanga kuja, msikimbilie kununua santuri. Bei yake ni nyama ya wiki nzima. Azimeni: kadi ya maktaba New York ni bure kwa mkazi, na pale Lincoln Center kuna tawi zima la muziki na maigizo. Anzeni na "M79". Ule wa "One" urukeni, ni kelele za watoto wa bweni.