Mafuta yangu ya nazi yaliganda Lushoto nikaitwa tapeli

Mwezi wa saba nilipanda Lushoto na chupa 20 za mafuta ya nazi, nimepika mwenyewe hapa Tanga, nazi nimekuna kwa mbuzi mpaka bega likafa ganzi. Natoka Ngamiani mafuta ni maji kabisa, Mombo bado yako hivyo hivyo, gari likaanza kukata kona za Soni sikuangalia tena. Nikalala kwa shangazi, asubuhi nafungua boksi, nyeupe pee! Chupa zote, kama samli.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja, akageuza chupa kichwa chini halitoki hata tone. "Mjukuu wangu, haya umechanganya na mafuta ya ng'ombe. Na chupa hazijajaa." Aibu niliyoisikia!

Kumbe mafuta ya nazi kwenye nyuzi 24 hivi ndo yanapogeuka, chini ya hapo yanaganda, na Lushoto ni zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari afu ndo kipupwe. Hata Tanga usiku wa mwezi wa saba yanaingia ukungu kidogo, ila jua likitoka yanarudi ndo maana sikuwahi kustuka. Na chupa kupungua ni kweli, yakiganda yanajikusanya, sio kama maji ambayo yakiwa barafu yanavimba mpaka yanapasua chupa kwenye friza.

Basi nikachota kidogo kwa kijiti nikamwekea bibi kiganjani, nikamwambia fumba mkono bibi. Alipofumbua yanachuruzika, akacheka, akanunua mbili.

Zingine niliweka kwenye beseni la maji ya moto, jikoni usithubutu maana chupa ni za plastiki. Yanachelewa jamani! Nusu yameyeyuka nusu bado donge, na maji ya beseni yanapoa tu kwa sababu joto lote linaliwa na lile donge, nilibadilisha maji mara tatu.

Sa hivi mzigo wa Lushoto naweka kwenye vikopo vya mdomo mpana, mtu anachota kwa kidole maisha yanaendelea. Ila mwezi wa pili mwaka huu kulikuwa na joto nikapeleka yako majimaji, bibi yule yule akakitikisa kikopo akaniuliza, "Leo umetia alizeti?"